Kizibao cha Hidaya

Mizani ilitoa jibu kabla sijamshika hata mkono mgonjwa.

"Hidaya Saidi, miaka minne," ilisema kutoka ukutani, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa matanga. "Ugonjwa: pumu. Chanzo: chekechea. Daktari Kilua, thibitisha kabla ya jua kuzama."

"Subiri kwanza," nikasema.

Kumwambia Mizani isubiri ni sawa na kuiambia saa isubiri. Kitaa chake cha manjano kiliwaka juu ya mlango na kikabaki kinawaka, na mimi huwa siwezi kukaa chumba kimoja na kile kitaa. Nikaanza kutembea huku na huku kutafuta pampu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Mtoto alikuwa amepakatwa na bibi yake. Mabega yamepanda, tundu za pua zimetanuka, na kila akivuta pumzi nyama katikati ya mbavu inadidimia ndani. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba, na hakuwa akilia. Mtoto anayepigania pumzi haichezei kwa kulia, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kilio chochote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanakheri alikuwa mrefu, mkavu, amekaa wima na ushungi wake kama anayesubiri kupigwa picha. "Kifua kimembana tangu asubuhi. Nimempaka mafuta ya karafuu, nimemfunga kanga, wapi. Sasa wewe tena."

Nikaichomeka pampu kwenye chupa yake, ile yenye barakoa ndogo mbele. Bi Mwanakheri kuiona tu akamvuta mtoto kifuani kwake.

"Hiyo hapana. Hiyo ukishaianza hutoki. Jirani yetu mzee Shehoza alikufa nayo mkononi."

"Alikufa kwa kuichelewesha, bibi."

"Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo, na sikuwa na muda wa kubishana. Nikapiga magoti mbele ya mtoto. "Hidaya, unaiona hii chupa? Ndani amelala chura. Ukivuta pumzi polepole anaamka, utamsikia anapiga tak. Tumwamshe?"

Akaitikia kwa macho. Nikamweka barakoa usoni nikabonyeza. Kile kizibo chepesi cha ndani kikapiga tak, kikatulia, kikapiga tak. Kufika tak ya nne alikuwa ananitazama mimi badala ya kutazama kifo, na baada ya kurudia mara kadhaa mabega yakaanza kushuka. Bibi naye akashusha mabega, labda bila kujua.

"Kwenu kuna mwenye pumu?" nikauliza.

"Kwetu hakuna," alisema, kisha akaivuta pumzi yake mwenyewe kabla ya kumalizia. "Kwetu hakuna kabisa."

Niseme jambo kuhusu kazi hii, maana vijana wa siku hizi hawajui tulikotoka. Pumu ya mtu mzima ni rahisi kuipima. Unampa mrija unamwambia apulize kwa nguvu zake zote, mashine inahesabu upepo. Mtoto wa chekechea ukimwambia apulize, anakutemea mate usoni na kucheka. Halafu watoto wadogo wengi hukoroma na kupiga mluzi kwa mafua tu, wakikua yanakwisha, na wengine wana pumu kweli. Kuwatenganisha, zamani tulikuwa tunauliza. Anakohoa akicheka? Akikimbia? Usiku, bila mafua? Ngozi inamwasha? Mama je, bibi je? Kisha unampa dawa ya kuzuia kwa wiki kadhaa, unatazama. Ukiiacha, unatazama tena. Ilikuwa kazi ya subira na ya kubahatisha kwa adabu.

Ndipo vikaja vizibao. Kila mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza anavaa kimoja chini ya shati, mchana na usiku. Nyuzi zake zinasikia mluzi kabla sikio la mtu halijausikia, zinahisi mbavu zikididimia, na kila kitu kinakwenda Mizani. Sitaisingizia Mizani. Imeokoa watoto ambao mimi na wenzangu tungewazika. Ubaya ulikuja na Sheria ya Hewa: chanzo kikijulikana, kitengwe. Mwanzoni yalitengwa majiko ya mkaa, tukapiga makofi. Kisha fundi seremala mmoja wa Chuda akatengwa na wanawe kwa sababu ya vumbi la mbao, na mama mmoja kwa sababu ya paka wake. Wote wako Pongwe sasa, nje ya mji, kwenye makazi ambayo barua rasmi zinayaita Kijiji cha Vyanzo. Fikiria mtu mzima na akili zake anaitwa chanzo.

Leo ilikuwa zamu ya chekechea, na sahihi ilikuwa yangu.

*

Mwalimu Perpetua Hozza nilimkuta uani, amevaa mabuti ya mvua, anawagawia sungura mchicha huku watoto wamemzunguka. Ni mama wa miraba minne mwenye sauti ya kwaya.

"Dokta! Karibu. Usikanyage hapo, kuna mmoja mtoro."

Nilimwambia palepale, maana habari mbaya nikiibeba sana inanichoma. Akatafuta pa kukaa, akakalia kiti cha mtoto, kikapotea chini yake.

"Chekechea yangu," akasema. "Chekechea yangu ndiyo inamuumiza Hidaya?"

"Ndivyo Mizani inavyosema."

"Ni sungura hawa. Nitawachinja leo hii hii, Dokta. Watu watakula wali kwa sungura mtaa mzima."

"Haikusema sungura, mwalimu. Imesema chekechea. Yote."

Aliwatazama watoto. Mmoja alikuwa anajaribu kumlisha sungura kandambili. "Sasa hawa niwapeleke wapi? Mama zao wako viwandani, wako sokoni. Unajua wakifunga hapa watalelewa na nani? Na televisheni." Macho yakamjaa maji, akayafuta kwa kiganja chenye mchicha. "Na hilo ni la ajabu, Dokta. Hidaya Jumatatu anakuja hapa kama mzee, hata ngazi ile hapandi. Kila siku anafunguka kidogo. Ijumaa ananikimbiza mimi. Kama ni hapa pabaya, mbona anapona akiwa hapa?"

Swali hilo lilinisimamisha. Nikakiinua kile kidude cha mkononi tunachoongelea na Mizani. "Mizani. Kwa nini mtoto ana nafuu Ijumaa?"

"Mwili huzoea chanzo."

"Kifua cha mwenye pumu hakizoei. Kinachukia zaidi."

"Mtoto ni mzima Jumamosi na Jumapili, akiwa nyumbani. Hali hubadilika Jumatatu, afikapo chekechea. Uhakika ni mkubwa. Thibitisha kabla ya jua kuzama."

"Anakohoa akiingia, au anakuja anakohoa?" nikamuuliza mwalimu.

Alifikiri. "Anakuja anakohoa. Ninamsikia tangu getini."

Basi sikukaa tena. Mwalimu alinikaribisha chai, nikaikataa nikiwa nimeshafika barabarani. Miguu ilikuwa inanitangulia. Kulikuwa na kitu kati ya Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, na kitu hicho hakikuwa chekechea, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

*

Bi Mwanakheri anakaa Makorora, nyumba ya zamani yenye ua nyuma. Alinifungulia bila kushangaa. Hidaya alikuwa amelala mchana huo, mdomo wazi, amechoka kama mbeba mizigo. Kwenye ukuta wa jikoni kilikuwepo kile kipimo cha moshi ambacho watu wanakiita pua, kinawaka kijani. Hewa safi. Nilikagua godoro, nikakagua dari kutafuta ukungu, nikainamia chini ya kitanda. Hakuna paka, hakuna mende wa kutosha kumshtaki mtu.

"Unatafuta nini, mwanangu? Niambie nikusaidie. Nyumba yangu ndogo."

"Sijui, bibi. Ndiyo shida."

Mtoto hupewa vizibao viwili kwa wiki. Gari la Idara ya Hewa hupita Jumapili mchana, linachukua vichafu na kuacha vilivyofuliwa. Kimoja alikuwa amekivaa Hidaya. Cha pili kilikuwa kimetundikwa msumarini, na mimi nikakichukua ili nikague nyuzi zake.

Nilipokifungua, harufu ikanijia usoni.

Jamani, udi. Udi halisi, si yale manukato ya chupa yanayoigiza. Sikuwa nimeunusa tangu sheria ilipotoka. Niliizika pua yangu ndani ya kile kizibao, na kwa muda nikawa binti mdogo asubuhi ya Idi, mama yangu ananivika gauni lenye joto bado la kufukizwa, ananizungusha, ananiambia tazama ulivyo. Nilifurahi kijinga. Karibu nimkumbatie Bi Mwanakheri.

Kisha nikakishusha kile kizibao.

"Bibi. Hiki kizibao umekifukiza."

"Ee. Si nguo?" Alinishangaa kweli. "Nguo imetoka kwa watu nisiowajua. Imelala wiki nzima kwenye kifua cha mtoto wa mtu, tena mtoto mgonjwa, wameisuuza kwa sabuni ya serikali wakaniletea. Leo nimvike mjukuu wangu hivihivi tu? Jicho la nani limo humo, unalijua wewe?"

"Na udi umeupata wapi?"

"Hilo usiniulize, nisikudanganye."

"Na pua ile pale?"

Hapo alitabasamu, tabasamu la mtu anayejua kazi yake. Akanipeleka uani. Akanionyesha chetezo kidogo cha udongo, cha mama yake, na kikapu cha kukifunika, na blanketi zito ambalo hulilowesha na kulitandika juu. Kila Jumapili jioni huvipanga vile vizibao ndani, anafunika, anakaa pembeni kama anayepika wali wa nazi. Hakuna hata uzi mmoja wa moshi unaotoka nje. Moshi wote aliouficha serikali isiuone ulikuwa umeingia kwenye kile kitambaa, na kitambaa kikafungwa kwenye kifua cha mtoto, usiku na mchana, kikipungua harufu siku baada ya siku hadi Ijumaa. Na Mizani ilikuwa inamsikiliza mtoto kupitia kitu kilekile kinachomuua. Inasikia vizuri sana, Mizani, lakini hainusi.

Nilimwambia. Nilijaribu kuchagua maneno, na sikupata yaliyo laini.

Bi Mwanakheri alikaa juu ya kizingiti. "Mimi?"

"Si wewe, bibi. Moshi."

"Moshi haujiwashi wenyewe." Aliitazama mikono yake. "Nilikuwa namkinga. Kila nikimwona Jumatatu anahema, Jumapili inayofuata naongeza kipande. Nikasema jicho hili ni kali."

Nikamshika bega, nikahisi pumzi yake nayo inakwamakwama chini ya kanga.

"Watanipeleka Pongwe," akasema.

"Wakijua."

"Na mtoto? Mama yake yuko Singida kwenye mitambo ya upepo, anarudi Idi hadi Idi. Baba yake ndiyo hivyo tena, aliondoka na hajulikani alipo. Mtoto huyu halali bila kunishika sikio. Anashika hapa," akajishika ndewe, "ndiyo anapata usingizi."

"Acha kufukiza kuanzia leo. Kivue kile alichovaa, ukifue kwa maji ya moto, na hiki nakichukua mimi. Nitampa dawa ya kuzuia. Mengine niachie."

"Usiponitaja mimi, watamtaja nani?"

Ningeweza kumficha. Sijui kwa nini sikumficha. "Watafunga chekechea."

"Ya Perpetua?"

"Ndiyo."

Akasema taratibu, "Yule mama alikuja na gunia la mchele kwenye msiba wa mume wangu. Akapika yeye mwenyewe siku zote za matanga, na msalaba wake shingoni, na kuku akahakikisha wamechinjwa na shehe."

*

Nilirudi zahanati kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, nikiwa na kizibao ndani ya mfuko wa plastiki. Jua lilikuwa linateremka upande wa Muheza. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu njiani na niliona ni uongo mzuri, maana nusu yake ilikuwa kweli.

Nilifunga mlango. Niliamini nimeufunga.

"Mizani. Chanzo si chekechea."

"Taja chanzo."

"Kizibao."

Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Mashine ilikuwa imeambiwa ijitenge yenyewe.

"Kizibao kina nini?"

"Kina harufu inayombana mtoto kifua. Kikiwa kipya ni kali, ikifika Ijumaa imepungua. Linganisha na kumbukumbu zako."

"Inalingana," ikasema. "Uhakika ni mkubwa zaidi ya chekechea. Chekechea imeondolewa. Harufu ya nini?"

Neno nilikuwa nalo mdomoni. "Sabuni," nikasema. "Sabuni mnayofulia."

"Ukithibitisha sabuni, vizibao vyote vya mkoa vitaondolewa leo usiku kwa usalama, mpaka uchunguzi ukamilike. Daktari Kilua, thibitisha."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Vizibao vyote. Yuko mtoto Chumbageni, Shedrack, ambaye kizibao kiliwaamsha wazazi wake juzijuzi, wakamfikisha kwangu midomo imeshakuwa ya bluu. Leo angelala bila kitu, na wengine kama yeye mkoa mzima, ili mimi nimfiche bibi mmoja. Nikisema udi, Hidaya anabaki bila sikio la kushika. Nikisema sijui, sheria inasema mtoto ambaye chanzo chake hakijulikani atengwe yeye, apelekwe bweni la hewa Korogwe. Nilizunguka meza. Nikazunguka tena. Niliichukia Mizani, nikaichukia sheria, na nikamchukia kidogo hata Bi Mwanakheri kwa kulowesha lile blanketi kwa ustadi ule.

"Daktari Kilua. Thibitisha."

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui nilitaka kusema nini.

"Udi," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mlangoni na ushungi wake, Hidaya amelala begani kwake. Alikuwa amenifuata njia nzima kwa miguu, na alikuwa anahema kwa mluzi uleule.

"Bibi, toka nje," nikasema.

"Mwambie huyo mtu wako ni udi. Nafukiza mimi, Mwanakheri binti Mbwana, wa Makorora, kila Jumapili. Yule mwalimu mumwache. Na kifua hicho mtoto kakitoa kwangu. Mimi nilikuwa nacho tangu utotoni, nikificha, kwa sababu msichana mwenye pumu haolewi. Andika na hilo."

"Sauti imetambuliwa," Mizani ikasema. "Chanzo: Mwanakheri binti Mbwana. Imethibitishwa."

Kitaa kikawa kijani. Hakikuwa kimehitaji neno langu hata moja.

"Kwa nini, bibi?" Nililia, sioni haya kusema. "Ningepata njia."

"Ungesema uongo, mwanangu, na wewe si mtu wa kulala na uongo. Ninakuona unavyozunguka hapa kama kuku anayetafuta pa kutaga." Akakaa kwenye kiti, akamlaza mtoto mapajani vizuri. "Haya. Kabla hawajaja, nionyeshe ile chupa yako. Mimi kwanza. Nikijua mimi, nitamfundisha mama yake, Saumu, akifika, asije akaogopa kama nilivyoogopa."

Nikamwonyesha. Akaivaa ile barakoa ya mtoto puani na mdomoni, akavuta. Tak. Akanitazama juu ya plastiki kwa mshangao, kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba alichokaa maisha yake yote.

*

Saumu aliacha kazi ya Singida akarudi kumlea mwanawe. Hidaya anavuta dawa ya kuzuia asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, kisha anasukutua na kutema kwa mbwembwe. Chekechea iko wazi, sungura wamenona. Nilikwenda siku moja nikamkuta anakimbia mbele ya wenzake anacheka kwa sauti, na hakukohoa hata kidogo, nikasimama getini nikafurahi kwa moyo wangu wote. Dawa imefanya kazi yake. Udi umeondoka. Kila nilichokisema kilikuwa sahihi.

Lakini jana Jumatatu Saumu alikuja naye zahanati, amechoka, nywele hazijasukwa.

"Dokta, hataki kuvaa kizibao. Kila Jumapili ni vita. Leo nimemvika kwa nguvu."

Hidaya alikuwa ameketi kwenye benchi, kidevu kifuani, anavuta ukosi wa kizibao anaunusa, anauachia, anauvuta tena.

"Kinakubana?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Kinawasha?"

"Siyo changu," akasema. "Changu kina bibi."

Saumu alitazama pembeni. Mimi nilitazama droo yangu, ambamo kile kizibao cha ushahidi bado kimo, kimefungwa ndani ya plastiki. Nilikuwa nimeagizwa nikichome, nikasahau kwa makusudi. Harufu ya bibi yake yote ilikuwa pale, hatua chache, na ilikuwa sumu kwake. Nilishika mpini wa droo. Nikauachia.

"Daktari," Hidaya akasema, "udi ni mbaya?"

"Kwa kifua chako, ndiyo."

"Na bibi ni mbaya?"

"Hapana. Bibi si mbaya hata kidogo."

Akalifikiri hilo, kisha uso ukakunjamana, akaanza kulia. Kilio kikubwa, cha mapafu mazima, cha mtoto ambaye pumzi anayo ya kutosha kulilia.

"Kifua: safi," Mizani ikasema ukutani. "Chanzo: hakipo. Mtoto ni mzima."

Nilikwenda nikapiga magoti, nikaweka sikio langu kwenye kifua chake, juu ya ule uzi wao wote. Hapakuwa na mluzi. Kweli, kilikuwa safi. Na mimi nilikuwa nimekaa miezi nikijiambia kwamba hilo linatosha.

Nikasimama. "Saumu, bibi anafukiza huko Pongwe?"

"Hata! Nilimpigia juzi. Kile chetezo cha mama yake amekijaza udongo, amepanda mchicha. Na ile chupa anaivuta kila siku, anasema watu wa kule wote amewafundisha."

"Pampu ya Hidaya unayo?"

"Ipo kwenye mkoba. Zote mbili."

"Chupa?"

"Na chupa." Akanitazama. "Dokta, si marufuku mtoto kumkaribia chanzo? Kizibao kitajua tuko wapi."

"Marufuku," nikasema. "Hidaya, inua mikono."

Akainua. Nikakivua kile kizibao, nikakitandika vizuri kwenye mgongo wa kiti changu, nikamvisha shati lake juu ya ngozi tupu. Nilijua watanifukuza, na nilijua kwamba nikiketi nifikirie sitafanya. Kwa hiyo sikuketi. Nilichukua mkoba wa Saumu mimi mwenyewe, tukatoka, na tulikuwa hatujamaliza ngazi wakati sauti ilipoanza ndani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa na haraka.

"Mtoto hapumui! Daktari Kilua! Mtoto hapumui! Mtoto hapumui!"

Watu wa foleni wakasimama. Hidaya alisimama naye kwenye ngazi ya mwisho, akageuka kuusikiliza ule mlango, machozi bado mashavuni.

"Nani hapumui?" akaniuliza.

"Anasema wewe."

Aliona ni upuuzi mtupu. Akajaza kifua mpaka shati likapanda, akanisogezea uso, akanipulizia kwa nguvu zake zote, mate na yote.